Kuipima tarakimu kubwa: mwongozo wa kusoma na kujadili mtaji wa kampuni

Kijana mmoja wa hapa Malindi, ambaye pamoja na ndugu zake wawili huwauzia wavuvi barafu na kununua samaki kwa ajili ya hoteli, alinijia baada ya sala ya alasiri akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya mtu aliyetaka kuingiza fedha katika biashara yao. Ya pili ilikuwa habari iliyochapishwa kutoka kwenye simu, iliyosema kwamba kampuni fulani ya Nairobi imepata dola milioni tatu. Alitaka kujua kwa nini wenzao wapewe mamilioni ya dola na wao waandikiwe shilingi milioni nne tu, na kama kiasi hicho si dharau.

Swali lake lilistahili jibu la uangalifu, kwa sababu karatasi zile mbili hazikuwa zikizungumza jambo moja, na tarakimu peke yake haikuweza kumwambia ipi ilikuwa na heri. Hatua zinazofuata ndizo tulizozipitia naye, nami nimeziandika kwa ajili ya yeyote mwenye biashara ndogo anayeletewa barua ya namna hiyo, au anayesoma habari za mitaji mikubwa na kutaka kujua hasa zinasema nini.

Hatua ya kwanza: andika sifuri zote na utaje sarafu

Usiifanyie hesabu tarakimu iliyoandikwa kwa maneno au kwa kifupisho. Chukua karatasi uiandike yote: laki moja ni 100,000, milioni ni 1,000,000, bilioni ni milioni elfu moja, yaani 1,000,000,000, na trilioni ni bilioni elfu moja. Anayesoma pia habari za Kifaransa ajue kwamba wao bilioni yetu huiita jina lingine, na neno lao linalofanana na “bilioni” kwetu ni trilioni, kwa hiyo kutafsiri kwa kufuata sauti ya neno kunaweza kuikosea hesabu mara elfu.

Kisha andika sarafu, na karibu nayo tarehe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huo huo ilikuwa karibu na shilingi 129. Dola milioni tatu kwa bei ya kwanza ni shilingi milioni 480, na kwa bei ya pili ni milioni 387. Tofauti ni shilingi milioni 93, na hakuna aliyeuza wala kununua chochote. Ikiwa fedha unazoahidiwa ni dola na matumizi yako ni shilingi, mkataba lazima useme ni bei ya siku gani itakayotumika na ni nani atakayebeba hasara ya mabadiliko.

Hatua ya pili: ipe tarakimu umbo unaloweza kuliona

Milioni na bilioni zinafanana masikioni, na hilo ndilo linalotupoteza wengi wetu. Mimi hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni muda. Sekunde milioni moja ni siku 11 na nusu hivi. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Sekunde trilioni moja ni zaidi ya miaka 31,000. Mtoto aliyezaliwa leo atafikisha sekunde bilioni akiwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Kipimo cha pili ni noti. Chukulia kwamba noti ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Shilingi milioni moja kwa noti za elfu moja ni noti 1,000, zikipangwa juu ya nyingine zinafika sentimita kumi, yaani upana wa kiganja. Bilioni moja ni rundo la mita 100, refu kuliko mnazi wowote utakaouona. Trilioni moja ni rundo la kilomita 100, ambalo ukililaza barabarani kuanzia Malindi litakufikisha karibu na Mtwapa. Yule kijana alipoona kiganja na barabara ya Mombasa vikiwekwa kando kwa kando, alinyamaza kidogo, kisha akasema sasa amefahamu.

Hatua ya tatu: igawe, na uchague kwa makini cha kugawia

Mabaharia hawahitaji kufundishwa hatua hii. Chombo kikirudi, kwanza huondolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, halafu kinachobaki hufanywa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, la nahodha na ya mabaharia, kwa desturi zinazotofautiana kati ya mahali na mahali. Hakuna baharia anayefurahia mauzo ya siku kabla ya kujua mafungu ni mangapi. Msomaji wa habari za fedha afanye vivyo hivyo.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya. Bilioni 1.76 ni rundo la noti la mita 176. Ukiigawa kwa 4,600 unapata karibu shilingi 382,600 kwa kila mvuvi, na hapo ndipo unapoweza kujiuliza swali la maana: kiasi hicho ni sawa na mapato ya miezi mingapi ya mtu aliyezoea kuvua katika mkondo ambao sasa unapita meli? Sitoi jibu hapa, maana kila mvuvi ana lake, lakini kabla ya kugawa swali lenyewe halikuwezekana kuulizwa.

Cha kugawia kikikosewa, jibu linapotosha. Mkataba wa gati tatu za kwanza za bandari hiyo ya Lamu ulikuwa wa yapata dola milioni 480. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti ya Lamu, na ukigawa kwa idadi hiyo unapata zaidi ya dola 3,300 kwa kila mkaazi, jambo linalomfanya mtu wa mbali aamini kwamba Lamu imetajirishwa. Lakini hizo zilikuwa fedha za taifa kwa mradi wa taifa. Ukigawa kwa Wakenya wote milioni 47.6 wa sensa hiyo unapata kama dola kumi kwa kila mtu. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya pili ndiyo inayolingana na mwenye mzigo. Kwa kampuni, vigawanyo vyenye manufaa ni idadi ya hisa, idadi ya wateja, idadi ya wafanyakazi na idadi ya miezi ambayo fedha zitatumika.

Hatua ya nne: fuata fedha mpaka mfukoni

Habari ikisema “kampuni imepata fedha”, uliza kwanza kama ni kampuni kweli iliyopata. Mwaka 2008 hisa bilioni kumi za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi tano kila moja, jumla shilingi bilioni 50. Watu wengi waliamini kwamba Safaricom ilipata bilioni 50 za kujenga minara. Aliyeuza hisa hizo alikuwa ni Serikali ya Kenya, ambayo ilipunguza sehemu yake kutoka asilimia 60 hadi 35, na mapato ya mauzo yalikuwa yake. Hisa za zamani zikiuzwa, mwenye hisa ndiye anayelipwa. Kampuni hupata mtaji pale tu inapotoa hisa mpya. Katika barua yoyote utakayoletewa tafuta neno hilo, hisa mpya, na lisipokuwepo uliza.

Baada ya hapo tenganisha aina tatu za fedha. Ruzuku hairudishwi, ila huja na masharti ya matumizi na taarifa. Mkopo hurudishwa hata biashara ikifa, na mara nyingi huwa na dhamana. Fedha za hisa hazirudishwi kwa tarehe, lakini aliyezitoa anakuwa mwenzako katika faida, katika hasara na katika maamuzi. Kuna pia mkopo unaoweza kugeuzwa hisa baadaye, ambao leo ni deni na kesho ni mwenzako, na humo ni lazima usome ni lini na kwa bei gani utageuka.

Hapa Pwani tunaifahamu aina nyingine ambayo haiandikwi magazetini. Tajiri humpa mvuvi nyavu za shilingi 60,000 bila riba yoyote kutajwa, kwa sharti kwamba samaki wote auziwe yeye, kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni. Tuseme bei imepunguzwa shilingi 30 kwa kilo, na mvuvi hutoa kilo 20 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Kila mwezi ameacha shilingi 13,200. Katika miezi mitano ameacha 66,000, zaidi ya bei ya nyavu, na deni la nyavu bado liko palepale. Nimeufanya mfano huu mara nyingi mbele ya watu wazima waliokuwa wakiuishi, na sijaona aliyeubisha. Gharama ya fedha inaweza kukaa katika bei, katika muda au katika sharti la kumuuzia mtu mmoja, na si lazima iitwe riba ndipo iwe gharama.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika mji wa Lamu na katika mitaa yetu mingi ya Malindi, suala la riba lina uzito wake, nami nalichukulia kwa uzito huo. Kenya ina benki zinazofuata misingi ya sharia tangu mwaka 2008. Murabaha ni mauzo: benki hununua mashine kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, ukalipa kidogo kidogo. Musharaka ni ushirika: kila mmoja huleta mtaji, faida hugawanywa kama mlivyopatana, na hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Kampuni ya hisa za kawaida inakaribiana sana na musharaka, ila kuna kifungu kimoja nitakachokitaja mbele ambacho kinaweza kuutoa ushirika huo katika njia yake.

Hatua ya tano: tofautisha thamani ya kampuni na fedha zilizoingia

Hapa ndipo ninapoomba msomaji akae, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza biashara zao bila kudhulumiwa na mtu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunza hesabu wa jamaa zangu katika biashara ya barafu. Alikuja mwekezaji, akasema ataleta shilingi milioni nne, na kwamba anaipa kampuni thamani ya milioni 16. Tulishikana mikono, wazee wakasoma dua, nami nikaenda nyumbani nikaandika daftarini kwamba mgeni atakuwa na asilimia 20. Mkataba ulipokuja ulisema asilimia 25. Nilidhani tumeibiwa. Hatukuibiwa, sisi tulikuwa tumemaanisha milioni 16 kabla ya fedha zake kuingia, naye alimaanisha milioni 16 fedha zake zikiwa zimekwisha kuingia. Hakuna aliyeuliza, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

Hesabu yake ni hii. Ikiwa thamani kabla ya fedha ni milioni 16, ukiongeza nne unapata milioni 20 baada ya fedha, na nne katika 20 ni asilimia 20. Ikiwa thamani baada ya fedha ni milioni 16, basi kabla yake kampuni ilihesabiwa kuwa milioni 12 tu, na nne katika 16 ni asilimia 25. Neno moja, kabla au baada, lilikuwa na tofauti ya shilingi milioni nne katika thamani ya kazi ya miaka tisa. Kwa hiyo mtu akikutajia thamani ya kampuni yako, swali lako la kwanza liwe: kabla ya fedha au baada ya fedha? Na jibu liandikwe siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi.

Ili usitegemee asilimia peke yake, fanya hesabu kwa hisa. Tuseme familia ina hisa 1,000 na thamani kabla ya fedha ni milioni 16. Bei ya hisa moja ni 16,000. Kwa milioni nne mgeni anapata hisa mpya 250, jumla zikawa 1,250, naye ana asilimia 20. Hisa za familia hazikupungua hata moja. Kilichopungua ni sehemu yao katika jumla.

Kuielewa hesabu hii kunaonyesha pia jinsi thamani zinazotangazwa duniani zinavyozaliwa. Mtu hununua kipande kidogo, halafu bei ya kipande hicho huzidishwa kwa hisa zote. Mapema mwaka 2019 kampuni ya WeWork ya Marekani, inayokodisha ofisi, ilitajwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47, huku SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, ikiingiza dola bilioni mbili. Bilioni 47 hizo hazikuwa fedha zilizokaa benki. Zilikuwa matokeo ya kuzidisha. Novemba 2023 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Vivyo hivyo, Facebook ilipotangaza mwaka 2014 kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, fedha taslimu zilikuwa bilioni nne. Nyingine zilikuwa hisa za Facebook, na sehemu yake, ya dola bilioni tatu, ilikuwa ya waanzilishi na wafanyakazi kuipata katika kipindi cha miaka minne.

Hatua ya sita: piga hesabu ya mgeni wa pili, na ya siku ya kuuza

Chukulia miaka miwili baadaye anakuja mwekezaji mwingine, kampuni ikihesabiwa milioni 50 kabla ya fedha. Hisa ni 1,250, hivyo bei ni 40,000 kila moja. Anatoa milioni kumi, anapata hisa mpya 250, jumla 1,500. Familia iliyoanza na asilimia 100, kisha 80, sasa ina asilimia 66.7. Lakini hisa zake 1,000, zilizokuwa na thamani ya milioni 16, sasa zinahesabiwa milioni 40. Kupungua kwa asilimia si hasara ikiwa bei ya hisa inapanda. Kinachopaswa kuchungwa ni mpaka wa maamuzi: familia ikishuka chini ya nusu, wageni wakiungana wanaweza kupitisha mambo bila yao, na mambo mazito zaidi, kama kubadili katiba ya kampuni, kwa sheria ya Kenya huhitaji kura za robo tatu. Wenye asilimia 66.7 tayari hawawezi kuyapitisha peke yao.

Sasa kile kifungu nilichokiahirisha. Mikataba mingi ya wawekezaji humpa mgeni haki ya kutangulia kulipwa kampuni inapouzwa. Rudi kwenye mfano wa kwanza, mgeni mmoja mwenye asilimia 20 aliyetoa milioni nne, na kampuni imekwama ikauzwa kwa milioni sita. Bila kifungu hicho angepata asilimia 20, yaani milioni 1.2, na familia milioni 4.8. Kikiwepo, anachukua kwanza milioni nne zake zote, na familia yenye asilimia 80 inabakiwa na milioni mbili. Asilimia haikubadilika, foleni ndiyo iliyobadilika. Siyasemi haya kuwatia watu hofu, kwani anayeweka fedha zake ana haki ya kujilinda, lakini aliyeridhia musharaka ajue kwamba kumdhaminia mshirika mmoja mtaji wake ni jambo lisilokubaliwa katika ushirika huo, na amwonyeshe mwanachuoni anayeijua fiqhi ya biashara kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Hatua ya saba: geuza fedha kuwa miezi

Chukua matumizi ya mwezi, toa mapato ya mwezi, kisha gawa fedha zinazoingia kwa kiasi kinachopelea. Kama biashara ya barafu inapelewa 250,000 kila mwezi wakati inajenga chumba kipya cha baridi, milioni nne ni miezi 16. Usisahau kusi: bahari inapochafuka na mashua zikabaki ufukweni, barafu hainunuliwi kama wakati wa kaskazi, kwa hiyo hesabu ya mwezi mmoja mzuri haiwezi kuwakilisha mwaka mzima. Uliza pia kama fedha zitakuja zote kwa pamoja au kwa awamu, na awamu ya pili imefungwa na sharti gani, kwa sababu milioni nne ambazo nusu yake inasubiri sharti ni milioni mbili mpaka siku ile sharti litakapotimia.

Hapo ndipo yule kijana alipopata jibu la swali lake. Dola milioni tatu za Nairobi, kwa kadiri ya habari ile ile aliyoileta, zilikuwa sehemu hisa na sehemu mkopo, za kutolewa kwa awamu, kwa kampuni yenye wafanyakazi wengi. Shilingi milioni nne zao zilikuwa hisa mpya, kwa mkupuo mmoja, za kutosha miezi 16 kwa watu watatu. Hatukusema ipi ni bora, ila aliacha kuiona barua yake kuwa dharau, akaanza kuuliza kama thamani iliyotajwa humo ni ya kabla au ya baada.

Hatua ya nane: linganisha hati

Fedha zikishaingia na hisa zikatolewa, hakikisha mabadiliko yamewasilishwa kwa Msajili wa Makampuni, kazi ambayo sasa hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha uombe CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Keti na wenzako, mtu mmoja asome majina na idadi ya hisa kutoka kwenye CR12, mwingine afuate kwa kidole kwenye mkataba. Zikitofautiana hata kwa hisa moja, mpigie wakili kabla hamjaondoka pale mlipokaa.